Hongera, Mwalimu

Dar es Salaam mtu mzima haogopi mbwa wala kibaka. Anaogopa bahasha. Amekaa barazani jioni, kikombe cha kahawa mkononi, mara anamwona kijana wa nyumba ya tatu anakuja taratibu, ameshika bahasha nyeupe kwa mikono miwili, kwa adabu ambayo hajawahi kuionyesha tangu aote meno. Hapo ndipo wazee wa watu wanakumbuka kwamba wameacha maharage jikoni. Atakayechelewa kuinuka atakabidhiwa. Ataifungua, akute picha ya maharusi wanatazamana machoni, na chini yake maneno matamu ya kumkaribisha achangie chochote alichojaliwa kabla ya tarehe fulani. Mwishoni zipo namba tatu za simu: ya mwenyekiti, ya katibu na ya mweka hazina. Ya mweka hazina huwa imekolezwa wino.

Tena si harusi peke yake. Ipo kadi ya sendofu, ya kicheni pati, ya ubatizo, ya kipaimara, na ya mahafali ya mtoto wa chekechea aliyejifunza kuhesabu hadi ishirini na sasa anadai joho. Tumezoea hivyo, wala silalamiki. Mimi mwenyewe nimeozesha kwa kadi hizo hizo. Ila mazoea hayo yana gharama yake: mtu akikuletea kadi isiyodai kitu, huna macho ya kuisomea. Utaigeuza nyuma na mbele ukitafuta deni lilikofichwa, na usipoliona utajitungia mwenyewe.

Zamani kadi za salamu zilikuwapo. Desemba ilipokaribia, maduka ya vitabu yalizitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo: kengele, nyota, na theluji nyingi mno. Mjomba wangu wa Newala alipokea theluji kila mwaka na hakuwahi kuhoji. Kadi ziliandikwa kwa wino, zikapitia S.L.P., zikafika Februari, zikakaa ukutani mpaka Pasaka. Kisha ikaja simu ya mkononi. Siku hizi salamu za Mwaka Mpya hupita mtu kwa mtu bila kuguswa na mkono wa yeyote. Rafiki yangu wa siku nyingi alinitumia dua ndefu yenye maua juu na chini, imesainiwa na familia nyingine kabisa, ya watu wa Mwanza. Niliwashukuru wote.

Basi nilipostaafu ualimu, nikiwa na imani ile ya kila mstaafu mpya kwamba dunia ilikuwa inamsubiri apate nafasi, niliamua mtaa wetu wa Tabata upate kadi za Mwaka Mpya zilizotengenezwa kwa mkono. Wazo lilitoka kwa binti yetu aliyeolewa Uingereza. Alimtumia mama yake kadi ya kujitengenezea yenye nakshi iliyoinuka: maua na majani meupe yamesimama juu ya karatasi, ukipitisha kidole unayahisi. Niliyeifungua ni mimi. Nikajua imedondokewa na kitu njiani, nikaanza kuyakwangua kwa ukucha. Mke wangu aliiwahi mikononi mwangu akaifungia kwenye kabati la vioo, pamoja na zile sahani tusizoruhusiwa kulia.

Binti alinieleza kwa simu. Kuna pesti maalumu, nzito, ya kwenye kopo. Unabandika stensili juu ya karatasi, unapaka pesti kwa kisu bapa, unaisawazisha, unainua stensili. Palipokuwa na tundu pesti inabaki. Kwingine kote karatasi haijaguswa. Ikikauka, nakshi imesimama.

"Ni rahisi, baba," akasema.

Nimefundisha miaka mingi na ninajua kwamba neno "rahisi" hutamkwa na aliyekwisha kufaulu. Nilimuuliza bei ya kopo pamoja na gharama za posta. Aliponitajia, nikaona kwa fedha hizo nanunua mfuko wa saruji na chenji inabaki. Nikamwambia asijisumbue, Kariakoo ipo.

Kariakoo hakuna kisichopatikana isipokuwa kile ulichokifuata siku hiyo. Nilianzia Mtaa wa Kongo, nikaeleza kwa mikono, kwa sababu kitu chenyewe sikuwa nacho hata cha kuonyesha. Wa vifaa vya ofisi alinipa gundi ya maji. Wa vipodozi alinitazama uso, akanipa krimu ya makunyanzi. Wa mapambo ya harusi aliuliza harusi lini. Wa vifaa vya keki ndiye aliyenielewa kuliko wote: alinieleza kwa kirefu habari ya aisingi, na kwa kweli ingefaa sana, ila sisimizi wangeiwasilisha kadi kabla yangu.

Aliyenitoa gizani ni fundi rangi aliyekuwa anapiga ukuta wa jirani. Alinisikiliza bila kushuka ngazi.

"Mwalimu, mbona hiyo ni skimu ya ukuta? Wewe umeifanya ndogo tu."

Akanifundisha. Unga ndio mwili, gundi ndiyo inayoshika, rangi ni ya uzuri. Gundi ikipungua, kazi inapasuka ikikauka. Ikizidi, inatambaa chini ya stensili na kula kingo. Ukitaka kujua kama imefaa, chota kwa ncha ya kisu ukigeuze chini, isidondoke. Baadaye nilijua kwamba hata ile ya kopo la Uingereza haina siri zaidi ya hiyo: ni unga wa mawe meupe, mara nyingi marumaru au chokaa, uliofungwa katika gundi ya akriliki. Fundi wetu alikuwa anaipaka kwenye kuta za watu kwa ndoo.

Unga alionielekeza kwanza ni jasi. Tunayo ya kwetu, inachimbwa Makanya na Itigi, na madukani ni rahisi. Ambacho fundi hakukitaja, pengine kwa kuwa kwake ni jambo la kawaida, ni kwamba jasi ya mafundi imechomwa kwanza ili maji yake yatoke. Ukiirudishia maji inayadaka kwa nguvu, inashikamana, na inatoa joto. Niliichanganya kwenye bakuli la kaure, la zawadi ya harusi yetu, kwa kijiko cha supu. Nikaenda kutafuta miwani. Niliporudi bakuli lilikuwa la moto bila jiko, na kijiko kimesimama katikati, wima, hakitoki. Nililifunika kwa kitambaa, nikalisogeza nyuma ya kapu la vitunguu likapoe kwa faragha.

Fundi akasema basi tumia unga usiogombana na maji. Poda. Hapo alisema kweli tupu. Poda ya kawaida mara nyingi husagwa kutoka talki, madini laini kuliko yote, nayo haigandi. Inakungoja mpaka umalize ulichokuwa unafanya. Nikanunua makopo ya poda ya watoto, gundi nyeupe ya mbao na rangi nyeupe ya maji, nikajifungia chumba cha uani. Feni ilikuwa imewashwa. Mtu yeyote anayekusudia kufungua kopo la poda chini ya feni namshauri afumbe macho kwanza, na mdomo pia. Lakini pesti ilitoka nzuri, nyeupe, laini, haidondoki kwenye kisu, na chumba kizima kikanukia kichanga kilichotoka kuogeshwa. Niliona hiyo ni nyongeza. Ni kadi gani ya dukani inayonukia?

Kwenye stensili sikuhitaji fundi. Sisi walimu wa enzi zile tulitunga mitihani kwa stensili za nta. Unatoa utepe kwenye taipureta, herufi za chuma zinaitoboa nta, kisha shiti inafungwa kwenye ngoma ya mashine ya Gestetner, mtu anazungusha mpini, wino unapenya matunduni, mtihani unatoka umelowa. Ukigonga herufi o kwa hasira, kipande cha katikati kinadondoka, na mwanafunzi anapata doa jeusi. Swali la hesabu lenye sifuri nyingi lilikuwa msiba wa darasa zima.

Kwa stensili ya kadi nilitumia picha ya eksirei ya goti langu la kushoto. Ilikuwa imekaa juu ya kabati bila kazi, na goti lenyewe limekwisha kupona. Plastiki ile haichaniki, hainywi maji, inaoshwa na kurudiwa. Kwa wembe inakatika vizuri. Nikachora kwa uangalifu HERI YA MWAKA MPYA, nikakata.

Hapo ndipo o ya zamani iliponifuata ikiwa imeleta ndugu zake. Herufi yenye shimo ikikatwa, kitovu chake hakina pa kushika. R ilidondosha kitovu. A zote nne zikadondosha. P nayo. Vitovu sita vilikuwa mezani na maneno yakabaki na matundu ya kutisha. Dawa yake inajulikana: unaacha madaraja, vijisehemu vyembamba vya kukishikilia kitovu kisianguke. Nikaweka madaraja. Salamu zikatoka na sura ya gunia la korosho linalongoja meli Mtwara.

Kwa hiyo nikageuza swali. Badala ya kutafuta namna ya kukata herufi zenye mashimo, nitafute salamu isiyo na herufi zenye mashimo. Yaani pasiwe na A, B, D, O, P, Q wala R. Yeyote anayedhani ni kazi ndogo ajaribu kukitoa Kiswahili A. HERI ina R. PONGEZI imekufa katika herufi mbili za kwanza. BARAKA, yenye herufi sita, imekufa mara tano. UPENDO, AMANI, FURAHA, wote marehemu. Nilikaa na karatasi jioni nzima nikihesabu matundu ya lugha niliyoifundisha maisha yangu yote, mpaka yakanijia maneno matatu: ISHI SIKU NYINGI. Yapitie herufi kwa herufi. Hakuna shimo hata moja. Ni dua, ni Kiswahili fasaha, na inamfaa kila mtu bila kumuuliza dini yake. Niliona nimepata zaidi ya nilichokitafuta.

Kupaka kwenyewe kuna ladha yake. Unakata manila, unaikunja, unabandika stensili kwa tepu ya karatasi pande zote isicheze. Unachota pesti na kuivuta mara moja kwa kitu bapa; mimi nilitumia kitambulisho changu cha kazi, ambacho hakikuwa na kazi nyingine. Usirudie rudie, maana kila ukirudia unaisukuma chini ya kingo. Kisha unainua stensili wima, bila kuiburuta, na papo hapo unaitumbukiza kwenye ndoo ya maji kabla gundi haijakauka kwenye matundu. Ile nukta ya kuinua, maneno yakaonekana meupe, yamenyooka, yana kimo chake, mtu anaweza kusamehe mambo mengi ya dunia.

Kukausha ndiko kunakorudisha dhambi zote. Pwani wakati wa vuli hewa yenyewe imelowa. Hata chumvi haikauki, itakuwa kadi? Manila ikilowa upande mmoja inatanuka upande huo na kujikunja. Nikachukua draya ya nywele ya mke wangu ili niharakishe. Pesti ikikaukia juu wakati chini bado kuna maji, maji yale yanatafuta njia ya kutoka. ISHI ikaota malengelenge, SIKU ikapasuka. Basi nikaacha zikauke zenyewe usiku, zimepangwa mezani, na taa nikaiacha inawaka ili ipunguze unyevu.

Taa iliita wadudu. Wadudu waliita mjusi. Asubuhi nilikuta kila kadi ya safu ya mbele ina msururu wa nyayo ndogondogo, vidole vitano vitano, zimekatiza kona ya chini kuelekea juu, zimekauka, zimesimama. Nilizitazama kwa miwani na bila miwani. Ukweli usemwe: zilikuwa safi kuliko chochote nilichokata kwa wembe. Nikaziacha, na za usiku uliofuata nikazipanga mahali anapopita.

Kadi ya kwanza nilimpelekea Mangi wa dukani kwetu kwa mkono wangu. Aliipokea kwa ncha za vidole.

"Mwisho wa kuwasilisha lini, Mwalimu?"

"Haina mwisho."

"Single ngapi, Double ngapi?"

Kwa asiyejua, hayo ndiyo maneno ya kona ya kadi za harusi: SINGLE ni mlango wa mtu mmoja, DOUBLE ni wa wawili, na mchango wako ndio unaoamua kama mkeo atakula.

"Hakuna mchango, Mangi. Ni salamu tu, nimetengeneza mwenyewe. Fungua."

Akafungua. Akasoma dua. Akapitisha kidole kwenye nyayo. Akainusa. Uso wake ukabadilika polepole, akainama juu ya kaunta.

"Hongera, Mwalimu."

"Asante sana. Ni subira tu."

"Kwa umri huu!"

"Umri si kitu. Zamani sikuwa na nafasi. Sasa nimestaafu, na nguvu bado ninazo."

"Na mama anasemaje?"

"Mama hajui lolote," nikamwambia. "Nafanyia chumba cha uani, yeye akishalala. Nataka kumshtukiza Mwaka Mpya."

Mangi alishika kaunta.

"Ni mmoja tu?" akauliza kwa sauti ya chini.

Mangi huwa anakosea ngeli. Sikutaka kumsahihisha mbele ya wateja.

"Kwa leo, ndiyo," nikasema. "Lakini kufikia Ijumaa nitakuwa nimeumaliza mtaa mzima."

Nilirudi nyumbani mtu mwenye furaha. Kadi zilizobaki nilimpa kijana wa jirani azigawe. Alikuja kuzichukua chumba cha uani, akaona makopo ya poda, akaona na eksirei mezani, akauliza hizo ni picha za nini. Nikamwambia za hospitali, asizishike, bado nazihitaji. Akanitazama kwa heshima ambayo sikuipata darasani kwa miaka yote.

Siku mbili tatu zilizofuata simu yangu ikaanza kulia mlio wa fedha. Elfu tano, elfu kumi, elfu tano tena, na ujumbe mfupi kila mara: "Mwalimu pokea kidogo, Mungu amkuze." Nilidhani ni zile simu zinazokamilisha maneno zenyewe, mtu alitaka kuandika "akukuze". Mwingine akaandika, "Lea, usitupe." Nikadhani anasemea kipaji. Fundi rangi alipita nje ya dirisha, akasema yeye hana neno, wanaume ni wamoja, ila poda aliyoninunulisha asije akatajwa.

Jumamosi nilitoka uani mchana, nimekuwa mweupe mpaka kwenye viwiko, nikakuta sebule yangu imejaa kina mama wa mtaa. Wamekaa kimya, kanga mabegani. Mmoja alivaa kanga yenye jina la kuwasema wanaume. Sikupata kulisoma lote kwa sababu alikuwa amelikalia. Mke wangu yuko katikati yao, anapewa pole.

Mkubwa wao, mama mmoja anayeheshimiwa ambaye hata mjumbe humwamkia kwanza, akasafisha koo.

"Mwalimu, hatukuja kugombana. Mtoto hana kosa. Tumekuja kujua yuko wapi, ili mwenzetu asije akayasikia barabarani."

"Mtoto yupi, shikamoo?"

"Marahaba. Unanukia poda mpaka hapa."

Wakaweka ushahidi mezani. Kadi inayonukia kichanga. Nyayo za kichanga pembeni. Maneno ambayo mtu humwambia mtoto anapoonyeshwa mara ya kwanza. Picha za hospitali zilizoonwa na shahidi. Na juu ya yote, maneno ya mtuhumiwa mwenyewe mbele ya Mangi na wateja: kwamba ni kazi yake, kwamba nguvu anazo, kwamba mkewe hajui, na kwamba kufikia Ijumaa angekuwa ameumaliza mtaa mzima. Hili la mwisho lilisomwa taratibu. Nimekaa kwenye kamati nyingi za nidhamu za shule, na sijawahi kuona kesi iliyokamilika kiasi kile.

Nilijitetea kwa njia niijuayo. Nikawaambia habari za Henry Cole wa London, ambaye mwaka 1843 alikuwa na barua nyingi za Krismasi za kujibu na muda mchache, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi moja ya kuwatumia wote. Zikachapwa nakala zipatazo 1,000, zikauzwa shilingi moja moja. Pembeni mwa picha maskini wanalishwa na kuvishwa. Katikati familia imeinua glasi za divai kumtakia heri mpokeaji, na mtoto mdogo naye ananyweshwa. Cole alikusudia salamu. Wapinga ulevi hawakuona salamu, waliona mtoto anafundishwa pombe, wakapiga kelele. Kwa hiyo, nikamalizia, tangu kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa duniani, watu wamekuwa wakiona mtoto na kuacha ujumbe.

"Kumbe na huyo Mzungu naye alikuwa na mtoto," akasema aliyekalia jina la kanga.

Mke wangu akainuka. Hakusema kitu. Akaenda jikoni, nikasikia kapu la vitunguu linasogezwa. Akarudi na bakuli la zawadi ya harusi yetu, kijiko kimesimama katikati, akaliweka mezani juu ya ushahidi.

"Mtoto ndiye huyu," akasema. "Nimemlea nyuma ya vitunguu tangu alipozaliwa. Baba yake ndiye huyo mnamwona."

Akakigusa kijiko. Hakikutikisika.

Kisha akawaongoza wote mpaka chumba cha uani, akafungua mlango aliodhaniwa hajui unafungukaje, akawaonyesha kitu kimoja kimoja: gundi, stensili ya goti, draya yake yenye poda mdomoni, vitovu vya herufi ambavyo sikujua kwamba alikuwa anavifagia kila asubuhi. Mjusi alikuwa ukutani, juu ya meza. Akamwonyesha naye.

"Nyayo ni za huyo," akasema.

Wakacheka mpaka mkubwa wao akaomba kiti. Mimi nilitaka kuuliza kama kuna aliyeipenda kazi yenyewe, lakini muda haukuwa wangu.

Likabaki suala la fedha. Kumbe zile zilizonifikia zilikuwa za wenye haraka. Nyingine zilikuwa zimekusanywa kwa utaratibu. Kamati ilikwisha kuundwa, mwenyekiti ni yule mama, katibu ni Mangi, na mweka hazina alikuwa na daftari lenye majina na ahadi. Nikasema zirudishwe. Wakanitazama kwa huruma, kwa kuwa ni wazi sijawahi kuwa kwenye kamati. Mchele ulikwisha kuagizwa. Mpishi alikwisha kulipwa kishika uchumba. Kamati ikivunjwa kabla ya pilau, nani atamwamini tena mweka hazina huyo? Kwa hiyo Mwaka Mpya mtaa mzima ulikula uani kwetu, mjumbe akatoa hotuba juu ya malezi bora, na bakuli likakaa meza kuu, limefungwa utepe.

Tangu siku hiyo nina kazi. Yule mwenyekiti anamwozesha mtoto wa dada yake, na kamati imeagiza kadi zote kwangu, kadi halisi za mchango, zenye tarehe ya mwisho na namba ya mweka hazina. Amesisitiza nyayo zisikosekane, kwani maharusi wanatarajiwa kuzaa. Taa naiacha inawaka usiku; hayo mengine namwachia mshirika wangu wa ukutani. Poda nimeihifadhi kwa shughuli za ubatizo, za harusi natumia unga wa marumaru usionukia, ili watu wasiwahi mambo.

Limebaki jambo dogo la kona ya kadi. SINGLE nimekwisha kuikata, herufi sita bila shimo hata moja, na inatoka safi kabisa. DOUBLE ina D, ina O, ina B. Nimewaeleza kamati, hawataki madaraja, hawataki sura ya gunia. Kwa hiyo natangaza mapema, tusije tukalaumiana mlangoni: wote mtakaopata kadi ya harusi hiyo, mje mmoja mmoja.